Mjomba Si Walii

Nianze na mjomba wangu, maana nyumbani kwetu kila kitu kilianza na yeye. Mjomba Abdérémane akikohoa, mama anazima redio. Akisema mchuzi hauna chumvi, chumvi inatiwa, hata kama sisi wengine ndimi zinatuwasha. Huku Moroni nyumba ni ya mwanamke, hilo halina ubishi: mama anamwachia bintiye, bintiye anamwachia wake, na mume anakuja na sanduku lake la nguo, akifukuzwa anaondoka nalo. Lakini mwenye nyumba ana kaka, na kaka ndiye mwenye neno. Mume mgeni, kaka mwenyeji. Ndivyo nilivyolelewa, na mpaka nafika miaka kumi na minane sikuuona ubaya wake.

Mwaka huo, themanini na sita, nilikuwa naolewa. Ndoa kuu, ile ya mji mzima, ng'ombe na dhahabu na ngoma, kwa sababu mimi Hayati ndiye binti pekee wa mama. Bwana harusi alikuwa Moindjié, karani wa posta, mtu mpole mwenye meno mazuri. Nilimpenda, nasema wazi na sioni haya. Tulipendana dirishani pa posta, mimi nanunua stempu wakati sina hata mtu mmoja wa kumwandikia. Nilimtaka huyo na si mwingine, na harusi ilikuwa imekaribia kiasi cha kunusa mafuta ya vitumbua.

Mjomba ndiye aliyekuwa na haraka kuliko sisi. Mwanamume akimwoza mpwa wake ndoa kuu, anapanda daraja mjini. Anakaa mbele uwanjani, anasema kabla ya wengine, na wengine wananyamaza. Mjomba alikuwa amekingojea kiti hicho tangu nilipoota meno.

Basi siku kadhi alipokuja nyumbani kupanga mambo, akauliza, "Walii wa kumwoza binti ni nani?"

"Mimi," akasema mjomba.

Kadhi wetu ni mzee mkavu, hana mzaha. Akaiweka bilauri ya maji ya ukwaju chini. "Wewe ni ndugu wa mama. Mjomba si walii, Abdérémane. Hayo ya mjomba ni mila zetu, na mila zina mahali pake. Lakini nikah ni sheria, na sheria inamtaka baba. Baba yake yuko wapi?"

"Amekufa," akajibu mjomba bila hata kupepesa jicho. "Huko kwao Mutsamudu."

"Mungu amrehemu. Basi nitamwoza mimi."

Mama alikuwa anamiminia wageni, na hakumwaga hata tone. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia kwamba baba yangu amekufa, na nikafurahi. Ndiyo, nikafurahi. Wewe ambaye hukumjua baba yangu usinihukumu haraka.

Nilikuwa na kaka, Soulé. Ulipokuwa utawala wa vijana, ule uliochoma mila zetu na kusema wazee wote ni wanyonyaji, Soulé alikuwa na miaka kumi na saba na alivaa kaki akatembea na bunduki ndefu kuliko yeye. Baadaye, Mei ya mwaka sabini na nane, wazungu wa kukodiwa wakashuka pwani na silaha zao, utawala ukaanguka kabla jua halijapanda, na wale vijana wakaanza kuwindwa nyumba hadi nyumba. Soulé tulimficha katika birika la maji la uani, lililokuwa kavu. Nilikuwa na miaka kumi. Mimi ndiye niliyekuwa namteremshia chakula kwa kamba.

Asubuhi moja nikaamka mapema, nikamwona baba amemshika Soulé mkono wanatoka mlangoni. Soulé alivaa shati jeupe. Nilimkimbilia, nikamkumbatia kiunoni, na shati lilikuwa bado na joto la pasi. Baba akaniambia nirudi ndani. Hawakurudi wote wawili pamoja. Alirudi baba peke yake. Soulé aliingia kambi ya wale wazungu na hakutoka, na kaburi lake hatulijui mpaka leo.

Kufika adhuhuri mji mzima ulikuwa unasema baba yangu, Idarousse, amemuuza mwanawe. Jioni sanduku lake lilikuwa nje ya mlango. Akalibeba, akapanda jahazi la kwanza kurudi kwao Mutsamudu, kisiwani Nzwani, na jina lake halikutajwa tena nyumbani ila kwa laana. Nikakua namchukia. Nilimchukia kwa bidii, asubuhi na jioni, na nilipojifunza kuomba dua nilimwombea mabaya.

Sasa, njia ya mwongo ni fupi. Bi Zoubeida, mwanamke wa Mutsamudu anayeuza vitambaa pale sokoni Volo Volo, alimsikia mke wa kadhi akisimulia habari za harusi yangu, msichana yatima na kadhalika, maskini. Bi Zoubeida akacheka mpaka akakaa juu ya vitambaa vyake. "Idarousse fundi joho? Amekufa lini, mwanangu? Ijumaa iliyopita amenipa kofia ya mjukuu wangu, na amenigombeza kwa kuchelewa kuichukua."

Kadhi akarudi kwetu, na safari hii hakukubali hata maji. "Kama baba yake angekuwa hajulikani aliko, ningemwoza mwenyewe," akamwambia mjomba. "Lakini mmenidanganya, na mtu yuko Mutsamudu na ndege zinakwenda. Nileteeni neno lake mbele ya mashahidi wawili. Bila hilo sifungi ndoa, na hakuna kadhi mwingine wa kuifunga nikishasema yaliyopita."

Alipoondoka mjomba alifunga mlango. Ng'ombe walikuwa wameshafungwa uani, nasikia wanakojoa. Mama alisema, "Yule mtu sitamwomba hata maji ya kutawadhia." Mjomba alisema kuwa Idarousse hatampokea, na akatazama ukuta aliposema hivyo. Nikaona mwanamume wangu ananiponyoka kwa sababu ya mtu yuleyule aliyeniponyoshea kaka yangu. Hasira zikanipanda mpaka utosini.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

Mjomba akanigeukia. "Chukua neno, urudi. Asikupigie hadithi."

"Nina hadithi gani mimi na yeye?"

Wakanipa Mzee Mouzaoir, mwadhini wa msikiti wetu, awe shahidi na awe msindikizaji. Mzee wa watu hajawahi kupanda ndege. Alisoma Yasini kutoka Moroni mpaka tunatua Ouani, na kila mawingu yalipotutikisa alinishika mkono na kunisamehe makosa ambayo sikuyafanya. Pale Ouani askari wakapekua mkoba wangu nguo moja moja, na mzungu wao mwenye miwani myeusi amesimama kando anatafuna kitu. Akauliza kwa Kifaransa ninakwenda kwa nani. Nikasema kwa baba yangu. Neno hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwangu kwa miaka minane, na nikalazimika kulitoa mbele ya mmoja wa walewale.

Mji wa Mutsamudu ni vichochoro, ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili. Kumpata fundi joho hakukuwa kazi. Mwanamume asiye na mke kwetu hana nyumba, kwa hiyo Idarousse alikuwa anakaa kwa dada yake, Zainaba, katika chumba cha chini kinachotazama kichochoro. Shangazi Zainaba ndiye aliyefungua. Alinitazama uso, akanitazama miguu, akarudi usoni.

"Huyu ni wa Djaouharia," akasema, akimtaja mama yangu. "Umekuja kuchukua nini? Mlichobakisha ni mifupa."

"Nimekuja kuzungumza na Mzee Idarousse."

"Mzee Idarousse. Haya. Baba amekuwa mzee wa mtaa." Akageuka akaita, "Kaka, una mgeni kutoka kwa wakwe zako. Ficha shingo."

Alikuwa amekaa mkekani karibu na dirisha, joho jeusi mapajani, anadarizi ukosi kwa uzi wa dhahabu. Amekonda. Nywele zote nyeupe. Niliposimama mlangoni aliinua macho, sindano ikasimama, lakini hakuinuka na mimi sikumpa mkono. Mzee Mouzaoir ndiye aliyemwamkia kwa sisi sote, akaeleza haja yetu vizuri, kwa upole, akamalizia na hadithi ya Mtume. Idarousse alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nilikufa," akasema.

"Wamesema hivyo," nikajibu.

"Na wewe ulisemaje?"

"Nilisema alhamdulillahi."

Shangazi Zainaba akapiga hatua kunijia, yeye akamzuia kwa kidole tu. Akaendelea kushona. "Unaolewa na nani?"

"Haikuhusu. Nataka neno lako tu, mwanamume mwingine akuwakilishe. Halafu unaweza kurudi kwenye kufa kwako."

"Ana kazi?"

"Nimesema haikuhusu."

"Walii asiyejua anamwoza kwa nani," akasema, "hata kadhi wako atamcheka."

Nikamwambia. Posta, jina, jina la baba yake. Akaitikia kwa kichwa kila nilipotaja. Mzee Mouzaoir akaona heri akaswali alasiri kabla haijampita, na shangazi, bila hiari yake naona, akampeleka msikitini kwa kichochoro cha nyuma. Tukabaki wawili. Nilikuwa nimeapa nitachukua neno nirudi, lakini mdomo wangu mimi siuwezi.

"Ulimuuza," nikamwambia. "Mwanao wa kumzaa. Nilikuwa ninamteremshia wali kwa kamba, mtoto wa miaka kumi, na sikusema kwa mtu. Wewe mtu mzima hukuweza kufunga mdomo?"

"Nilimpeleka kwa mkono wangu," akasema. "Sikatai."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa, na likaniudhi zaidi.

"Kwa nini?"

"Mjomba wako hajakwambia?"

"Usimtie mjomba."

"Basi nimtoe vipi, naye ndimo alimo?" Akaitoa sindano kwenye kitambaa, akaichomeka kwenye kofia yake. "Kabla wazungu hawajaja, Soulé na wenzake walimkamata Abdérémane uwanjani. Walimvua joho. Joho hilo nililidarizi mimi, mwaka mzima. Wakalichoma mbele yake, wakampa ufagio, wakamfanya aufagie uwanja na shuka tu kiunoni, na watoto wanapiga makofi. Soulé ndiye aliyeshika kiberiti. Ulikuwepo?"

Sikuwepo. Lakini nilikuwa nimesikia, kama kila mtu.

"Wazungu walipokuja, mjomba wako akatoka mafichoni. Siku ya tatu tu alikuwa anakunywa kahawa kambini. Akaja nyumbani, akakaa na mimi na mama yako. Akasema wanajua mtoto yupo humu. Wakija wenyewe watamwua birikani na nyumba wataichoma. Lakini baba mzazi akimpeleka mwenyewe, amejisalimisha, atapigwa vibao viwili, na yeye Abdérémane atakuwepo kambini kumsemea. Ijumaa atakuwa nyumbani. Mimi nikasema hapana. Mama yako akalia usiku kucha, na alfajiri akasema, kaka anajua."

"Uongo."

"Mama yako akasema mtoto asiende mchafu, wakimwona msafi watamheshimu. Akapiga pasi shati."

Nikakaa chini. Sikukaribishwa, nilikaa tu. Kwa sababu mama yangu hapigi pasi asubuhi. Hajawahi. Makaa anawasha Alhamisi jioni, nguo za wiki nzima, na hapendi kuguswa akifanya hivyo. Nilikuwa nimelikumbatia shati lile, nimelia juu ya joto lile miaka minane, na hata siku moja sikujiuliza pasi iliwashwa na nani.

"Endelea," nikasema.

"Tulipofika kambini alikuwepo kweli, hakudanganya hapo. Alikaa kibarazani na mzungu, na kikombe mbele yake. Soulé akamwita, 'Mjomba.' Akamwita mara ya pili. Abdérémane alikuwa anakoroga sukari. Aliendelea kukoroga. Mzungu akamuuliza kama anamjua kijana yule, akasema anamjua, ni yule wa kiberiti." Akaliweka joho kando. "Mimi ndiye niliyemshika mkono mpaka pale. Hakuna aliyenilazimisha kwa bunduki. Kwa hiyo waliposema nimemuuza sikubishana nao. Ningebishana nini?"

"Ungesema. Ungemsema mjomba."

"Mgeni amseme mwenyeji? Mtu wa Nzwani katikati ya Moroni, hana nyumba, hana ukoo, sanduku lake liko nje? Nani angesikiliza? Mama yako alikuwa anajua. Nilimngoja yeye aseme." Akalishika joho tena. "Bado namngoja."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia pia, na kwa kuwa sikuweza kuchagua nilikaa pale nikamwangalia akitia uzi, tundu analikosa, anarudia, analikosa. Nikamnyang'anya sindano nikatia uzi mimi, nikamrudishia.

Mzee Mouzaoir aliporudi na jirani wa kuwa shahidi wa pili, Idarousse akanyoosha mgongo. "Nimekubali binti yangu aolewe na Moindjié," akasema. "Na ninamteua Abdérémane, mjomba wake, aniwakilishe, amwoze."

Hata shangazi alishangaa. "Yule? Kaka, umelogwa?"

"Nampa sharti moja. Aseme mbele ya watu, kwa sauti, kwamba anamwoza kwa idhini ya Idarousse, baba yake Hayati, aliye hai. Asiposema, uwakilishi wangu umevunjika. Aseme jina langu kwa mdomo wake, basi. Sitaki kingine kutoka kwake."

Nilirudi Moroni nimefura. Nilimkuta mama jikoni, nikamuuliza papo hapo, kabla ya hata kuvua viatu. "Siku Soulé alipoondoka, nani alipiga pasi shati lake?"

Akaendelea kukuna nazi. "Amekujaza maneno."

"Nimeuliza pasi."

"Nguo za nyumba hii nimepiga pasi mimi tangu hujazaliwa. Unataka nikumbuke shati moja moja?" Mbuzi ikakwaruza, ikakwaruza. "Unaolewa Jumapili. Mwanamke mwenye akili hafukui kaburi siku anayotandika kitanda."

"Kaburi lipi, mama? Tunalo?"

Alinipiga kibao. Mkono ulikuwa na nazi, nikabaki na machicha shavuni. Ndilo jibu nililopata.

Moindjié nilimweleza yote, dirishani palepale posta. Alisikiliza vizuri, ni msikilizaji mzuri. Kisha akasema, "Tuoane kwanza, Hayati. Haya ya wazee tutayatazama baadaye." Si neno baya. Watu wenye busara husema hivyo. Nikajiambia mwenyewe, wewe msichana, meza. Aliyekufa amekufa, baba ametoa idhini, mume unamtaka. Meza, uolewe, nyumba iwe yako, halafu utaamua nani anaingia na nani haingii. Na nilimeza, wallahi. Nilikuwa tayari kabisa.

Nilichodhani ni kwamba mjomba atakataa sharti. Nilijiandaa kwa hilo. Kumbe hata! Alicheka, akajipangusa mdomo, akasema, "Jina tu? Nitalisema."

Jumapili nyumba ilijaa mpaka ngazini. Mimi nimewekwa chumbani, dhahabu shingoni, unga wa msandali usoni, nimezungukwa na mashangazi wa bandia, jasho linanitoka. Wanaume wako ukumbini. Kati yetu pazia. Kwetu, kabla ya nikah, kadhi anakuja mlangoni pa bibi harusi na mashahidi wake, anamuuliza kama ameridhia. Naye hajibu. Anainamisha kichwa na kunyamaza, kwa sababu ukimya wa mwanamwali ndiyo ridhaa yake; anayejibu upesi ataonekana ana njaa ya mume. Wanawake wakishaona amenyamaza wanapiga vigelegele, basi, imekwisha.

Kadhi akaja mpaka kwenye pazia. Lakini mjomba, mwenye joho jipya, akaomba kwanza aseme neno, ili sharti litimie hadharani. Akapewa nafasi. Ukumbi ukanyamaza kama alivyotaka siku zote unyamaze.

"Ninamwoza Hayati," akasema, na sauti yake ni nzuri, lazima nikiri, "kwa idhini ya baba yake, Idarousse, aliye hai huko Mutsamudu. Wengi mtashangaa nikilitaja jina hilo katika nyumba hii. Mnajua alichotutendea. Mnajua nani alimtoa mtoto wetu Soulé, Mungu amrehemu, damu ya dada yangu. Nilisema amekufa kwa sababu kwangu alikuwa amekufa. Lakini leo ni siku ya furaha. Mbele yenu nyote, mimi Abdérémane nimemsamehe."

Nikasikia wanaume wanaguna kwa kumsifu. Mmoja alisema mashallah, huo ndio utu uzima. Karibu yangu mwanamke alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya leso. Yule mzee kule Mutsamudu alikuwa ameomba jina lake tu, kitu kimoja, na huyu amelichukua hilohilo jina akajitengenezea kiti.

Kadhi akakaribia pazia. "Hayati binti Idarousse. Mjomba wako, kwa uwakilishi wa baba yako, anakuoza kwa Moindjié. Umeridhia?"

Nikainamisha kichwa. Wanawake wakavuta pumzi, ndimi tayari kwa vigelegele. Najua Moindjié amekaa wapi, nasikia anakohoa kikohozi chake cha aibu. Ilikuwa ninyamaze tu. Kitu rahisi kuliko vyote duniani.

"Sijaridhia," nikasema.

Mwanamke mmoja akaniziba mdomo. Nikamng'ata.

"Moindjié nimemridhia. Huyu anayenioza sijamridhia. Muulizeni kwanza siku ile Soulé alipopelekwa kambini alikuwa amekaa wapi. Muulizeni alikuwa anakoroga nini. Soulé alimwita mjomba mara mbili, na mjomba alikuwa na kikombe mkononi."

Nikavuta pazia. Haifanyiki, bibi harusi havuti pazia, lakini nilikuwa nimeshafanya makubwa kuliko hayo. Nikawaona wote, kofia na majoho, na mjomba katikati, uso wake umekuwa wa majivu. Si kwa aibu, kwa hasira. Alipata sauti yake upesi.

"Maneno ya Idarousse hayo. Mmeona alivyomtia sumu mtoto? Nilimsamehe, naye amenitumia bibi harusi anitukane." Akageukia upande wa wanawake. "Djaouharia. Wewe ndiye mama. Ulikuwepo nyumbani siku zile zote. Waambie watu ukweli, tumalize."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika sinia ya maji ya waridi. Kadhi akamtazama juu ya bega langu. Hakuwa na haraka.

"Mama Soulé," akasema. Hakuna aliyemwita hivyo kwa miaka minane. "Binti yako amesema kaka yako ndiye aliyesababisha mtoto apelekwe. Ni kweli?"

Mama akafungua mdomo. Nilimwona akiutazama uso wa kaka yake, yule ambaye akikohoa redio inazimwa. Nilijua atasema nini. Nilijua, na nilikuwa nimeshaanza kumchukia kwa ajili yake.

Hakusema. Akafunga mdomo, akainamisha kichwa juu ya sinia. Mjomba akamwambia, "Sema, Djaouharia." Akasema tena, "Dada, sema." Mama akazidi kuinama, na hapakuwa na mtu ukumbini mle, mzee kwa kijana, asiyejua mwanamke akiulizwa na kadhi akanyamaza amejibu nini.

Kadhi alifunga kitabu chake. "Nimesikia," akasema. "Uwakilishi umebatilika. Ndoa hii itangoja baba."

Wazee wa upande wa Moindjié walisimama kwanza. Walimchukua yeye katikati yao, hawakumwachia hata nafasi ya kuvaa viatu vizuri, na mpaka leo sijui kama aligeuka kunitazama, maana mimi sikuwa ninatazama upande huo. Waliobaki walitoka mmoja mmoja, wakimpitia mjomba pembeni kama mtu anayepita dimbwi, na hakuna aliyempa mkono. Alibaki amesimama na joho lake jipya mpaka ukumbi ukawa mtupu, kisha naye akatoka, bila kusema na dada yake.

Mama aliweka sinia chini. Tulikuwa wawili tu, nyama za harusi nzima zinachemka uani na hakuna wa kuzila.

"Umefurahi sasa?" akaniuliza.

"Sijafurahi."

"Mume umekosa."

"Najua."

Akakaa sakafuni na nguo zake nzuri zote. Kisha akasema, huku anaangalia mikono yake, "Kola ilikataa kunyooka. Niliirudia mara nyingi. Alisimama hapo hapo mlangoni, kifua wazi, ananiambia, mama, inatosha."